Sura ya Tano: Karo Imelipwa, Bahari Je?

Jumatatu, tarehe 15 Januari 2024, watoto waliofanya KCPE ya mwisho nchini Kenya waliripoti kidato cha kwanza. Zaidi ya watahiniwa milioni 1.4 walikuwa wameukalia mtihani huo miezi michache nyuma, na baada yao mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, haukubakiwa na darasa la nane jingine. Binti yangu alikuwa katika kundi hilo. Mdogo wake wa kiume alikuwa akiingia Gredi ya Nane papa hapa Mbwajumali, chini ya mtaala wa umilisi, na rika lake halingeingia shule za wakubwa hadi Januari 2026. Maana yake ni kwamba mwaka 2025 kidato cha kwanza hakikuwapo. Kwa desturi ya mabweni ya Kenya, mgeni, yule wanayemwita mono, huvumilia mwaka wa kutumwa maji na kusimama mwisho wa foleni, kisha huja mono mwingine naye akapumua. Binti yangu na wenzake wangekaa miaka miwili bila wa kuwapokea zamu. Sikumficha. Nilimwambia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa moyo, na kwamba sheria hiyo inamlinda yeye hata kama anayemtesa ni mwanafunzi mwenzake aliyevaa beji ya kiranja.

Lakini lililoninyima usingizi halikuwa ukorofi wa mabwenini. Lilikuwa jambo ambalo halina nafasi katika fomu yoyote ya kujiunga na shule, nalo ni njia ya kufika huko.

Mbwajumali iko kisiwani Pate, upande wa Faza, Tchundwa na Kizingitini. Kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, ni kwa boti, na boti hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa, nahodha hana la kufanya ila kungoja, awe amebeba kamba-koche, mgonjwa au mtoto wa kidato cha kwanza. Kutoka Amu unavuka tena hadi Mokowe, na hapo ndipo basi lilipo. Barua ya shule, iliyokuwa upande wa Kilifi, ilitaka mwanafunzi awe langoni Jumatatu kabla ya saa tano asubuhi. Kwa mzazi wa Malindi, saa tano ya Jumatatu ni asubuhi ya Jumatatu. Kwetu sisi safari ya saa hiyo ilianza Jumamosi, giza likiwa bado, kwa sababu mwezi ulikuwa mchanga, maji yalikuwa ya bamvua, na bamvua la huku kwetu hujaa alfajiri.

Nisimame kidogo kwenye hesabu, kwa kuwa wazazi wengi hukosa usingizi kwa hesabu kabla ya jambo jingine lolote. Tangu 2018 serikali imepanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Ndiyo maana shule ya kutwa husemwa kuwa ni ya bure. Mzazi wa bweni huongeza zake: kwa kiwango kilichotangazwa na wizara, shilingi 53,554 kwa shule kubwa zilizomo katika miji mikubwa, na 40,535 kwa zile zilizo kwingineko. Fedha hizo hugawanywa kwa mihula mitatu, asilimia 50, kisha 30, kisha 20. Kwa hivyo Januari peke yake humeza nusu. Bweni la 40,535 linataka zaidi ya shilingi 20,000 mkononi siku ya kwanza, na hapo hujanunua godoro. Bahati ya wavuvi ni kwamba Januari ni kaskazi, msimu ambao kamba hupatikana na bahari hulipa kidogo. Laiti mwaka wa shule ungeanza Juni, wakati wa kusi, sijui watoto wangapi wa visiwa hivi wangebaki nyumbani na barua zao mfukoni.

Baada ya karo ndiyo ilikuja orodha. Sanduku la bati na kufuli zake, godoro, shuka mbili, blanketi, chandarua, ndoo, sahani na kikombe visivyovunjika, viatu vyeusi vya kamba, raba, kamusi, atlasi, seti ya jometri, rimu ya karatasi, fyekeo. Kulikuwa na fomu ya afya ya kutiwa sahihi na daktari, nakala za matokeo, na cheti cha kuzaliwa. Hiki cha mwisho wazazi wa bara hukitoa kwenye droo bila kuwaza. Kwetu Wabajuni karatasi ya serikali ni kitu kizito. Kwa miaka mingi vijana wa Lamu Mashariki waliotaka kitambulisho walipitishwa mbele ya kamati za kuwahoji kama ni Wakenya kweli, na mchujo huo ulifutwa na rais Februari 2025 tu. Mzee aliyehojiwa uraia wake ujanani hawezi kuacha cheti cha mjukuu wake kikae ovyo. Baba yangu ndiye aliyekifunga cha binti yangu kwa mfuko wa nailoni, akakifunga tena kwa wa pili, akaniambia nikipakate mimi mwenyewe ndani ya boti, kisiwekwe sandukuni.

Sasa tazama orodha hiyo yote, na hesabu hiyo yote, kisha utafute mahali palipoandikwa nauli ya boti. Hakuna. Nauli ya kuvuka Mokowe haimo, ya basi haimo, wala chakula cha njiani, wala usiku wa kulala Malindi, tena kwa watu wawili, na mmoja wao anarudi. Hesabu ya serikali inaanzia langoni mwa shule. Nasi wazazi tumeizoea hesabu hiyo hata tukaanza kuitumia wenyewe. Mtu akiulizwa amesomesha kwa kiasi gani hutaja karo. Safari huiita riziki, huiita sadaka ya ndugu, huiita mkopo wa nahodha, na haiandikwi popote. Ninaandika sura hii kwa sababu naamini jambo hili lina uzito kuliko tunavyokubali. Mtoto wa kisiwani huanza sekondari siku mbili kabla ya wenzake, na hufika akiwa amechoka, na hasafiri kwenda nyumbani wanaposafiri wao.

Kisiwa hiki si kigeni kwa elimu. Siyu iliwahi kusifika kwa wanavyuoni wake na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Shairi la Mwana Kupona binti Mshamu, lililotungwa 1858, ni mama wa Pate aliyekuwa mgonjwa akimwachia bintiye maagizo ya kuishi. Nililifikiria sana katika wiki zile za kukunja nguo. Mwana Kupona alimtungia binti ambaye angebaki miongoni mwa watu wanaomjua. Mimi wangu alikuwa akienda mahali ambapo hakuna anayejua baba yake ni nani, na jambo hilo lilinielekeza niseme nini na niache nini. Niliacha nasaha ndefu. Nilimwandikia karatasi moja, nikaitia ndani ya kamusi: nambari tatu za simu za kuhifadhi kwa moyo, kwa sababu simu haziruhusiwi na karatasi hupotea, jina la jamaa wa Malindi, la kufanya siku zake zikija na tumbo likamuuma, na kwamba akiumwa usiku amwamshe matroni, asione haya, asingoje kuche.

Kuna wataalamu wawili wa Marekani, mwanasaikolojia Christopher Thurber na daktari wa watoto Edward Walton, waliochapisha mwaka 2007 katika jarida la Pediatrics makala juu ya watoto wanaougua kwa kutamani kwao. Waliandika kwa ajili ya watoto wa kambi, wa mabweni na wa hospitali, na mengi wanayoyashauri bibi zetu wangeyakubali bila kusoma makala. Mtoto azoezwe kulala mbali kabla ya siku yenyewe. Aelezwe ukweli wa anakokwenda. Aambiwe kwamba kutamani nyumbani ni jambo la kawaida, na apewe kalenda aone kwamba siku zina mwisho. Na kuna katazo moja lililonigusa, kwa kuwa ndilo kosa jepesi kwa mama: usimwahidi mtoto kwamba akishindwa utakuja kumchukua. Ukimwahidi, umemwambia kwamba humtarajii kuweza, na tangu dakika hiyo hatafuti marafiki, anatafuta simu. Kwa hivyo Desemba ile nilimpeleka kwa mama mkubwa wake Kizingitini akakae, alale huko, afue nguo zake mwenyewe, asirudi kila alasiri. Na aliponiuliza ndani ya boti kama nitakuja kumchukua akishindwa, mdomo wangu ukiwa karibu kabisa kutoa ahadi, nilimjibu kwamba nitampigia mwalimu wake Jumatano, na kwamba Jumatano haiko mbali.

Safari yenyewe sitaieleza yote. Boti ilijaa wanafunzi, kila mmoja na sanduku lake, masanduku mapya yaking'aa chini ya tochi, na akina mama wawili walikuwa na wana waliokuwa wakishukia Amu tu, jambo lililonifanya niwaonee wivu. Kaskazi ilikuwa inavuma na tuliloa. Kutoka Mokowe basi lilikwenda na magari ya polisi, kama ilivyokuwa ikifanyika katika barabara hiyo tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na kwenye sehemu kadhaa lilipunguza mwendo kwa makovu ya mafuriko ya Novemba, yaliyoikata barabara ya Lamu na Garsen tukakaa bila mabasi. Binti yangu hakuwahi kufika mbali zaidi ya Amu. Witu alikuwa macho. Darajani Garsen aliuliza kama Mto Tana ndio ule anaousoma, na nilipomwambia ndio, aliusimamia dirishani mpaka ukapotea. Gongoni, penye mashamba ya chumvi, alikuwa amelala begani kwangu. Mtoto wa Kilifi haoni haya yote siku ya kuripoti. Yeye hushuka kwenye matatu akiwa na nguvu zake.

Malindi tulilala kwa jamaa, na hapa ningependa wazazi wa visiwani wanisikilize. Tafuteni mwenyeji. Mabaharia wetu walikuwa nao kila bandari waliyofika, mtu wa kuwapa pa kulala na wa kuwajulia hali, na hakuna aliyesafiri akisema atajipata hukohuko. Mtoto wa bweni aliye mbali na kwao anamhitaji mwenyeji kuliko anavyohitaji begi jipya. Jina la mwenyeji huyo liandikwe katika fomu ya shule kama mtu wa pili wa kuitwa, kwa sababu mtoto akipata homa usiku wa Alhamisi na maji yamekupwa Mkanda, mama wa Mbwajumali hawezi kuwa wa kwanza kufika, hata akitaka kwa roho yake yote.

Langoni palikuwa na foleni tatu: ya karo, ya stakabadhi na ya kukaguliwa sanduku. Mwalimu wa stakabadhi alikuwa mpole. Alitazama cheti, akatazama tena, akauliza, "Mama, Mbwajumali ni Kenya?" Aliuliza kwa kutaka kujua, na binti yangu ndiye aliyejibu, kwa sauti niliyomlea nayo: "Ndiyo, mwalimu. Kaunti ya Lamu." Kwenye ukaguzi walitoa mafuta ya nywele na chupa ya achari ya maembe ambayo bibi yake aliificha ndani ya raba.

Jambo la mtandio nilikuwa nimelimaliza kabla. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutupa uamuzi wa 2016 wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umewaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu juu ya sare, na tangu hapo kila mzazi Mwislamu hana budi kusoma kanuni za shule kabla ya kulipa hata shilingi moja. Niliuliza kwa simu mwezi wa Desemba: mtandio mweupe unakubaliwa, pana chumba cha kusalia, na mwezi wa Ramadhani daku hupikwa. Hilo la daku si dogo. Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi, ndani ya muhula wa kwanza, na mtoto wa miaka kumi na minne anayefunga mbali na kwao kwa mara ya kwanza anataka uji wa moto alfajiri.

Tuliagana penye mti, mahali wazazi walipoambiwa waishie. Nilimsomea dua. Hakulia mbele yangu, na mimi sikulia mbele yake.

Siku zilizofuata maji yalipungua. Bamvua liliisha, yakaingia maji mafu, boti zikachelewa na wanaume wakakaa zaidi nchi kavu wakishona nyavu. Kila niliyepishana naye aliniuliza, mwana hajambo? Nilijibu hajambo, na sikuwa na habari yoyote. Nadhani hakuna anayewaandaa wazazi kwa jambo hili. Tangu azaliwe nilijua kila siku amekula nini. Ghafla sikujua kama amekula. Mikono yangu ilizoea kupika kwa kipimo fulani na ikaendelea kupika hivyo hivyo, na mdogo wake akala mara mbili bila kuuliza. Baba yake alirudi kutoka kuvua, akaona kitanda kimetandikwa, akatoka tena kwenda kukaa pwani. Sisi tunazungumza sana juu ya watoto kutamani kwao, na ni kweli. Wazazi pia huugua, na ugonjwa wao huwafanya wapige simu ovyo, watume mtu asiyetakiwa, au wamrudishe mtoto wiki ya tatu kwa kisingizio cha harusi.

Jumatano nilimpigia mwalimu wa darasa, na sikuomba kuongea na mtoto. Niliuliza mambo matatu. Je, anakula? Je, ana mtu anayekaa naye wakati wa mapumziko? Je, anakwenda darasani asubuhi, au yuko kwenye chumba cha wagonjwa akisema tumbo linamuuma? Mwalimu alisema anakula kidogo, githeri inamshinda, lakini sima na maharagwe anamaliza. Anakaa na msichana wa Hola. Alikuwa amelalamika tumbo siku ya Jumanne tu. Nilimshukuru. Maswali hayo nayapendekeza kwa kila mzazi, kwa kuwa "anaendeleaje?" hujibiwa "vizuri" hata mtoto akiwa hajala tangu juzi.

Jumapili yeye mwenyewe alipewa simu ya shule, dakika chache, foleni ikiwa nyuma yake. Sauti ilikuwa ya mafua. Alisema wanamcheka lafudhi, wanamwita Mlamu, na mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha asome kifungu mbele ya darasa, kisha akawaambia wenzake wasikilize. Alisema maji ya kuoga yana chumvi kama ya visima vyetu. Alisema kufuli moja imevunjwa na sabuni imechukuliwa, na anataka kufuli ile nzito. Halafu akauliza swali ambalo nililijua linakuja: mapumziko ya katikati ya muhula ni lini, na atakuja?

Kalenda ya wizara iliyapanga kuanzia tarehe 29 Februari hadi 3 Machi. Siku nne. Msichana wa Hola angefika kwao siku ya kwanza. Binti yangu angetumia siku ya kwanza hadi Mokowe, ya pili kungoja maji na kuvuka, angelala kwake usiku mmoja, na alfajiri ya siku ya tatu angekuwa tena ndani ya boti, kwa nauli inayokaribia kile tulichobakiza kwa muhula wa pili. Nilimwambia ukweli: atakwenda Malindi kwa jamaa, na mimi nitamfuata huko ikiwa bahari italipa. Alinyamaza kidogo, akasema sawa mama, na simu ikachukuliwa na mwingine.

Wiki hiyo hiyo tulijaza fomu za basari. Zinauliza karo ni kiasi gani, shule ni ya bweni au ya kutwa, mzazi yu hai au amefariki. Hazina mstari wa kuuliza mtoto anavuka maji mangapi kufika darasani. Niliandika nauli zote pembeni ya karatasi, moja moja: boti, kivuko cha Mokowe, basi, na matatu ya kutoka Malindi, kwenda na kurudi, mara mihula mitatu, mara watu wawili kwa safari ya kwanza. Aliyekuwa akizipokea aliniambia pembeni si mahali pa kuandika. Nikamwomba anionyeshe mahali penyewe. Hakupaona, akaipokea fomu vile ilivyo, na nilipotoka wazazi wawili waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakiomba kalamu waandike zao.

Kufuli nzito ilinunuliwa Faza. Iliondoka na kijana wa Tchundwa aliyekuwa akirudi chuoni Kilifi, pamoja na sabuni mbili na chupa nyingine ya achari, ambayo kijana aliagizwa aile yeye mwenyewe ikiwa itakataliwa langoni.